Dubu wa Milima ya Pyrenees

Katika nchi za Afrika ya Mashariki hakuna dubu. Wako simba, chui na fisi, lakini dubu hajulikani ila kwa picha na kwa hadithi. Hata hivyo bara la Afrika halikukosa mnyama huyu siku zote. Katika milima ya Atlas, upande wa Maroko na Aljeria, dubu waliishi tangu zamani, wakazidi kupungua mpaka wakatoweka katika karne ya 19. Tangu hapo Afrika nzima haina dubu wa mwituni hata mmoja.

Jambo lililowapata dubu wa Atlas lilikaribia sana kuwapata ndugu zao wa milima ya Pyrenees, huko Ulaya. Habari zao zafaa kusomwa, kwa kuwa zinafundisha neno ambalo watu wengi hawalifikiri: ya kwamba wanyama hawaokolewi kwa wingi wa hesabu tu. Imepasa pia kuuliza wametoka katika wazazi wangapi.

1. Mnyama mwenyewe

Dubu wa hudhurungi ni mnyama mkubwa mwenye manyoya mazito, masikio madogo ya mviringo, mkia mfupi sana, na nundu ya nyama juu ya mabega. Akitembea huweka unyayo wote chini kama mtu. Ndiyo sababu alama ya mguu wake wa nyuma hufanana kidogo na ya binadamu. Dume aliyekomaa wa Pyrenees aweza kupita kilo 200. Jike ni mdogo kuliko dume. Makucha yake ni marefu, nayo humfaa kwa kufukua mizizi na kugeuza mawe. Ingawa ana meno ya mnyama mla nyama, sehemu kubwa ya chakula chake ni majani, mizizi, matunda ya vichakani, kokwa za mialoni, wadudu na asali. Hula mizoga pia, na mara nyingine hukamata kondoo.

Wakati wa baridi theluji hufunika milima na chakula huadimika. Lakini dubu amekwisha kujiweka tayari. Katika miezi ya matunda mengi hula mno hata akanenepa. Kisha huingia pangoni akalala miezi kadhaa, hali wala hanywi, akiishi kwa mafuta ya mwili wake. Katika usingizi huo ndipo jike huzaa, yapata mwezi wa Januari. Watoto huwa mmoja, wawili au watatu, na kila mmoja uzito wake haufiki nusu kilo. Hukaa na mama yao karibu mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo jike hazai kila mwaka. Mara nyingi huzaa mwaka mmoja akaacha mwaka mmoja, wala hazai kabisa mpaka apate umri wa miaka minne au mitano hivi. Mnyama anayezaa polepole namna hii, akiuawa jike mmoja, hasara yake hudumu miaka mingi.

Iko desturi nyingine ya dubu inayofaa kukumbukwa. Binti akikua hutafuta makao karibu na makao ya mama yake. Lakini dume kijana huenda mbali, akavuka mabonde na vilele, ili kutafuta jike. Basi dubu wakipotea katika nchi fulani, madume huweza kurudi kwa miguu yao wenyewe upesi, lakini majike hukawia sana.

2. Urithi wa wazazi

Kila mnyama hupokea kwa wazazi wake chembe ndogo za urithi ziitwazo jeni. Hazionekani kwa macho, lakini ndizo zinazoongoza namna mwili unavyojengwa na unavyofanya kazi. Nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama, hata kwa kazi nyingi za mwili ziko jeni mbili, moja ya upande huu na moja ya upande huu.

Baadhi ya jeni zina kasoro. Mara nyingi kasoro hiyo haileti madhara, kwa kuwa jeni nzima ya mzazi wa pili hufanya kazi peke yake. Lakini baba na mama wakiwa ndugu wa karibu, yawezekana kwamba wote wawili wanayo kasoro ile ile, waliyoirithi kwa mzee mmoja. Mtoto wao akipokea jeni mbili zenye kasoro, hana nzima ya kumsaidia. Huenda akazaliwa dhaifu, au akafa mapema, au akawa tasa.

Wafugaji walilijua jambo hili kabla ya wataalamu kulieleza. Mtu mwenye kundi la mbuzi akimwacha beberu mmoja apande majike yote, kisha apande mabinti zake, kisha wajukuu zake, baada ya miaka huona watoto wakizaliwa wadogo na wengi wakifa. Mfugaji mwenye akili hubadilishana beberu na mwenzake wa kijiji cha mbali. Kadhalika katika makabila mengi wazee huulizana sana habari za ukoo kabla ya kuikubali posa.

Tena, kundi lenye urithi wa namna nyingi ni kama ghala yenye mbegu za namna nyingi. Mvua ikikosekana, mahindi hukauka, lakini mtama husimama. Mwenye mbegu ya namna moja tu hana pa kukimbilia. Vivyo hivyo ugonjwa mpya ukiingia katika kundi ambalo wote wamefanana, ukimwangusha mmoja waweza kuwaangusha wote.

3. Jinsi dubu walivyopungua

Mwanafunzi akitazama ramani ya Ulaya ataona ya kuwa Ufaransa na Hispania zimetengwa na safu ya milima itokayo bahari hata bahari, urefu wake kilomita 400 na zaidi. Hiyo ndiyo Pyrenees. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Aneto, kina meta 3,404.

Zamani dubu walikuwa wengi katika milima hiyo. Watu wakawawinda kwa bunduki, kwa mitego na kwa sumu, kwa sababu walikula kondoo, na kwa sababu aliyeua dubu alisifiwa kijijini. Misitu nayo ikakatwa. Katika mabonde ya Ariège, upande wa Ufaransa, watu wa karne ya 19 walikamata watoto wa dubu, wakawatia pete puani, wakawafunza kucheza, wakawatembeza mji kwa mji ili kupata fedha. Wengine walivuka bahari pamoja nao mpaka Amerika.

Ufaransa ilikataza kuwinda dubu mwaka wa 1962, na Hispania mwaka wa 1973. Lakini makatazo hayo yalikuja wakati dubu wamekwisha kuwa wachache. Kufikia mwaka wa 1995 walibaki watano hivi katika milima yote. Wachache kama hao, hata wasipoguswa na mtu, hawana tumaini: mmoja akianguka gengeni, mwingine akifa kwa uzee, kabila lao limekwisha.

4. Wageni kutoka Slovenia

Slovenia ni nchi ndogo ya misitu na milima, mashariki ya Italia. Ina dubu mamia kadhaa, nao wameungana na dubu wa Kroatia na wa nchi nyingine za upande ule, hata urithi wao ni wa namna nyingi. Basi ikakatwa shauri kwamba dubu wachache wachukuliwe huko, wapelekwe Pyrenees.

Mwaka wa 1996 majike wawili, Ziva na Mellba, walikamatwa, wakafunguliwa karibu na kijiji cha Melles, katikati ya safu ya milima. Wote wawili walikuwa na mimba tangu kwao, wakazaa mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1997 akaletwa dume mmoja jina lake Pyros. Lakini kabla ya mwaka kwisha Mellba alipigwa risasi na mwindaji akafa, akaacha watoto wachanga. Kwa bahati njema hawakuangamia wote. Binti mmoja, Caramelles, alikua bila mama, naye akawa mama wa dubu wengi.

Upande wa magharibi walikuwako bado dubu wachache wa asili. Jike wa mwisho wa uzao ule wa kale aliitwa Cannelle. Mwaka wa 2004 alizaa mtoto mmoja. Baba yake alikuwa Néré, mwana wa Ziva. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Cannelle alikutana na wawindaji katika bonde la Aspe, akapigwa risasi. Mtoto akaokoka, akaitwa Cannellito. Alikuwa dume, na nusu tu ya urithi wake ilikuwa ya dubu wa kale wa Pyrenees. Dubu wale walikuwa wameishi milimani humo maelfu ya miaka. Risasi moja ikaukata uzao wao, kwa maana jike mwingine wa asili hakuwako.

Tangu siku ile upande wa magharibi ulikaa na madume peke yao kwa muda wa miaka 14. Ile desturi ya majike kutokwenda mbali na mama zao ikaonekana wazi.

5. Uzao wa Pyros

Katikati ya milima dubu waliongezeka, na watu wengi wakafurahi. Lakini wataalamu walipochunguza urithi wao waliona jambo la kutisha. Pyros alikuwa dume mwenye nguvu nyingi, akawafukuza madume wengine, hata sehemu kubwa ya watoto waliozaliwa walikuwa wake. Alizaa na mabinti zake mwenyewe pia. Kwa hesabu kundi lilikuwa likikua. Kwa urithi lilikuwa likijifunga katika nyumba ya baba mmoja, kama lile kundi la mbuzi lenye beberu mmoja.

Huenda mtu akauliza, Yajulikanaje baba wa dubu aliye msituni? Watunza wanyama hupaka mti dawa yenye harufu inayowapendeza dubu, na juu ya gome hufunga waya wenye miiba. Dubu huja kujikuna, akaacha nywele zake. Wengine huokota mavi yake njiani. Katika nywele na mavi mna chembe za urithi, nazo zikichunguzwa huonyesha dubu huyu ni nani, tena ni mwana wa nani. Hufungwa na vyombo vya kupiga picha juu ya miti, ambavyo hujifyatua vyenyewe mnyama apitapo. Hivyo dubu huhesabiwa pasipo kukamatwa wala kuumizwa.

Ili kuleta urithi mpya, mwaka wa 2006 waliletwa dubu watano wengine kutoka Slovenia, majike wanne na dume mmoja. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Jike mmoja alianguka gengeni akafa mwaka ule ule, na wa pili akagongwa na gari mwaka wa 2007. Dume yule, Balou, alikufa mwaka wa 2014, akaacha nyuma yake mtoto mmoja wa kiume ajulikanaye, jina lake Cachou. Dume huyo alikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa baba yake hakuwa Pyros. Mwaka wa 2020 alikutwa amekufa katika bonde la Aran, upande wa Hispania, na uchunguzi wa maiti yake ukaonyesha kuwa alikula sumu. Aliyekufa alikuwa dubu mmoja, lakini hasara yake kwa urithi wa kundi ilikuwa kubwa.

Mwaka wa 2016 watu wa Katalonia walimleta dume mwingine, Goiat, kwa kusudi hilo hilo la kuchanganya uzao. Kisha mwaka wa 2018 majike wawili, Claverina na Sorita, walichukuliwa kwa ndege ya helikopta wakafunguliwa upande wa magharibi, ambako hapakuwa na jike tangu kufa kwa Cannelle. Pyros mwenyewe hakuonekana tena tangu mwaka wa 2017.

Hesabu ya mwaka wa 2024 ilionyesha dubu wapatao 96 katika milima yote. Hayo ni maongeo makubwa kwa kundi lililokuwa la watano. Lakini wengi wao wangali ndugu, na wataalamu husema kwamba urithi mpya wahitajiwa bado.

6. Shauri la wachungaji

Si haki kusimulia habari hizi bila kusikia maneno ya wachungaji. Katika Pyrenees kondoo hupandishwa milimani wakati wa joto, wakalisha huko miezi kadhaa. Kwa miaka mingi, dubu walipokuwa karibu kwisha, wachungaji walizoea kuwaacha kondoo wakitawanyika peke yao. Dubu walipoongezeka hasara nazo zikaongezeka. Mwaka wa 2017 kondoo zaidi ya 200 waliruka gengeni kwa hofu, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, wakafa, na dubu ndiye aliyehesabiwa kuwa sababu. Mchungaji aliyelea kundi lake tangu wana-kondoo hawezi kuliona jambo kama hilo kuwa dogo.

Hatari yaweza kumfikia mtu pia, ingawa ni mara chache. Mwaka wa 2021 mwindaji wa nguruwe mwitu alikutana msituni na Caramelles, yule binti wa Mellba, akiwa na watoto wake. Jike akamrukia akamjeruhi vibaya miguuni, na mwindaji akampiga risasi akafa.

Kwa ajili ya hayo serikali hulipa fidia kwa kondoo waliouawa na dubu. Husaidia pia kuajiri wachungaji zaidi, kujenga mazizi ya usiku yenye waya wa umeme, na kufuga mbwa wakubwa weupe wa Pyrenees. Mbwa hao hulelewa pamoja na kondoo tangu wadogo, hata wakawaona kondoo kuwa jamaa zao, nao humbwekea na kumfukuza dubu. Wachungaji wengine wamezipokea njia hizi; wengine husema kwamba fidia haiwarudishii kundi lao, wala mbwa hawafai katika kila mlima. Ugomvi huo haujakwisha. Lakini ni dhahiri kwamba dubu hawawezi kudumu katika nchi ambayo wenyeji wake wamekata tamaa.

7. Mfano wa nchi nyingine

Katika Italia ya kati, milimani Abruzzo, wako dubu hamsini hivi tu. Wametengwa na dubu wote wengine zaidi ya miaka 1,000, na uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba urithi wao umepungua mno na kwamba kasoro nyingi zimejikusanya ndani yao. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha dalili kwamba jeni zao zimewafanya kuwa wapole kuliko dubu wengine. Hapo shauri ni gumu. Wakiletewa wageni, huenda wakapata nguvu, lakini tabia yao ya pekee yaweza kupotea; wasipoletewa, huenda wakadhoofika. Kwa hiyo kazi iliyo kubwa kuliko zote sasa ni kuzuia wasiuawe na kuwapa nafasi ya kuenea.

Katika Hispania ya kaskazini, milimani Cantabria, njia nyepesi zaidi ilipatikana. Dubu wa huko walikuwa wamegawanyika makundi mawili, la magharibi na la mashariki, na kati yao bonde lenye barabara, reli na vijiji. Miaka ya 1990 walikuwa hata 100 hawafiki. Ulinzi ukaongezwa, na makundi yakakua, hata madume wa magharibi wakaanza kulivuka bonde na kuzaa na majike wa mashariki. Hesabu ya mwaka wa 2020 ilionyesha dubu wapatao 370. Pale hapakuhitajiwa masanduku wala helikopta. Ilitosha dubu kuachiwa njia ya kupita.

Kutokana na mifano hii mitatu hekima ni moja. Wanyama wakihifadhiwa wangali wengi, na makao yao yakiwa hayajakatwa vipande, wao wenyewe huchanganya urithi wao bila gharama. Wakiachwa mpaka wawe watano, watu hulazimika kusafirisha dubu kutoka nchi za mbali, kuchunguza kila unywele, na kuhuzunika kila mara dume mmoja anapokufa. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika Pyrenees ukuta unajengwa sasa kwa taabu nyingi, lakini mawe yake si yale ya kwanza. Kwa maana uzao wa Cannelle, ulipokwisha, hapakuwa na nchi yoyote duniani ya kwenda kuuazima.

Maswali

1. Dubu wa mwisho wa Afrika waliishi katika milima gani, nao walitoweka katika karne gani?
2. Eleza kwa nini jike mmoja wa dubu akiuawa hasara yake ni ya miaka mingi.
3. Kwa nini mfugaji mwenye akili hubadilishana beberu na mtu wa kijiji cha mbali?
4. Kundi la Pyrenees lilikuwa likikua kwa hesabu. Kwa nini wataalamu hawakuridhika?
5. Baba wa dubu aliye msituni hujulikanaje?
6. Taja njia tatu za kulinda kondoo. Kwa nini wachungaji wengine hawajaridhika nazo?
7. Katika kijiji chako, ni mnyama au mmea gani uliokuwa mwingi zamani na sasa umekuwa haba? Waulize wazee, kisha andika sababu walizozitaja.